Faili ghafi kamili au pungufu: hesabu ya mpiga picha chini ya Mlima Hanang

MPIGA picha anayezunguka wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hukutana kwa siku moja na mambo mengi kuliko nafasi iliyomo katika kadi ya kamera yake. Upo Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, Ziwa Balangida lenye kingo nyeupe za chumvi, mashamba ya ngano ya Basotu, na mavazi ya ngozi yenye shanga ya wanawake wa Kidatoga. Akiwa mbali na umeme na kompyuta, hawezi kuhamisha picha kila jioni. Ndipo linapokuja swali la ukubwa wa faili.

Faili ghafi, ambayo kwenye kamera huandikwa RAW, ni kumbukumbu ya mwanga kama ulivyopokelewa na kamera kabla haujageuzwa kuwa picha ya kawaida ya JPEG. Faida yake huonekana pale mwanga unapokuwa mgumu, mathalani adhuhuri, chumvi ya Balangida inapong'aa huku mteremko wa mlima ukiwa gizani. Mpiga picha anaweza baadaye kurekebisha rangi na kuangaza vivuli bila kuiharibu picha.

Mwaka 2007 kampuni ya Canon ilileta faili ghafi pungufu, sRAW, katika kamera za EOS-1D Mark III na EOS 40D. Ile ya 40D ilikuwa na pikseli milioni 2.5 tu kati ya milioni 10.1, na wengi hawakuona sababu ya kuitumia. Mwaka uliofuata EOS 5D Mark II ilitoa daraja tatu: faili kamili ya pikseli milioni 21, ya kati ya milioni 10, na ndogo ya milioni 5.2. Nikon nayo ilifuata mwaka 2014 kwa kamera ya D4S.

Hesabu ya 5D Mark II inastahili kutazamwa kwa makini. Faili kamili huchukua takriban megabaiti 25.8, ya kati 14.8 na ndogo 10.8. Kwa maneno mengine, anayechagua ndogo hupoteza robo tatu ya pikseli, lakini faili yake bado hubaki na zaidi ya theluthi moja ya uzito. Kadi ya gigabaiti 8 iliyobeba picha 300 itabeba kama 700, wala si 1,200 kama wengi wanavyodhani.

Sababu ni kwamba faili pungufu si ghafi kwa maana kamili. Kamera huwa imekwisha kuunganisha rangi za pikseli jirani na kupunguza taarifa za rangi kabla ya kuhifadhi. Mwangaza bado unarekebishika vizuri, lakini kazi hiyo ya kwanza imekwisha kufanywa na haitenguliki, hata programu bora zaidi za kompyuta zikija kesho.

Kwa uchapishaji, faili ndogo hutoa picha safi ya takriban sentimita 24 kwa 16, ya kati 33 kwa 22, na kamili 47 kwa 31. Kwa harusi mjini Mbulu, mkutano wa kijiji au picha ya gazeti, faili ya kati inatosha kabisa, na kung'ang'ania kamili ni kujaza kadi bure. (Tatizo ni kusahau: aliyepunguza ukubwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi mara nyingi hupanda mlima Jumapili na mpangilio uleule.)

Mambo hubadilika kwa mandhari na kwa vitu visivyorudi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na sura ya miteremko ikabadilika. Anayetaka leo kulinganisha korongo la wakati ule na la sasa hukata sehemu ndogo ya picha ya zamani na kuikuza. Kama picha ilihifadhiwa kwa robo ya pikseli, korongo hilo litakuwa doa tu. Faili kamili inaweza kupunguzwa wakati wowote, pungufu haikuzwi.

Kwa kamera mpya zaidi ugumu huu umepungua. Tangu EOS M50 ya mwaka 2018, Canon imekuwa ikitoa C-RAW, inayobakiza pikseli zote huku faili ikipungua kwa takriban asilimia 40. Gharama yake ni chembechembe kidogo katika vivuli vizito vinapoangazwa sana. Kwa mwenye kamera ya namna hiyo, C-RAW ndiyo chaguo la safari. Mwenye kamera ya zamani, ambazo bado zinafanya kazi nyingi, afadhali anunue kadi ya pili, maana bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi Katesh.