Mlimani Park: bendi iliyozaliwa na majina makubwa

Kila tunapopiga zilipendwa, simu huanza kuingia. Mmoja anasema huyo ni Msondo, mwingine anaapa kuwa ni Sikinde, wa tatu anaitaja Safari Sound. Wote wameitambua sauti ya Muhidin Maalim Gurumo, na wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu mzee huyo aliimba katika bendi zote tatu. Ukitaka kujua ilikuwaje, anzia mwaka 1978.

Mwaka huo Gurumo hakuwa kijana wa kujaribiwa. Tangu 1964 alikuwa Nuta Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ile iliyokuja kuitwa Juwata na leo ni Msondo Ngoma. Abel Balthazar naye alikuwa mpiga gitaa mwenye jina, akitokea Dar International. Hao na wenzao, akiwemo mwimbaji Hassan Bitchuka, walikutanishwa na TTTS, kampuni ya uchukuzi na teksi. Walipiga katika baa ya Mlimani Park, jirani na Chuo Kikuu, na bendi ikachukua jina la baa.

Baada ya muda akaja Michael Enoch kutoka Dar es Salaam Jazz. Vijana walimwita "Ticha", na kwangu mimi huyu ndiye aliyeifanya bendi iwe bendi. Mastaa kumi jukwaani si muziki, lazima awepo mtu wa kuamua nani apige lini na nani anyamaze. Sikiliza wimbo "Neema" wa Cosmas Chidumule: magitaa yanapishana, hakuna linalomkanyaga mwenzake. Mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani.

Kwa nini wanamuziki wa zama zile walihama kirahisi hivyo? Jibu ni vyombo. Magitaa, spika na saksafoni vilitoka nje ya nchi na bei yake ilikuwa ya kukimbiwa. Mwanamuziki hakuvimiliki. Vilikuwa mali ya shirika, chama au mwenye baa, naye alikuwa mwajiriwa wa mshahara kama dereva au karani. Siku akiondoka anabeba sauti yake tu, gitaa linabaki. Kwa hiyo mwenye vyombo na fedha aliweza kukusanya majina makubwa kwa mkupuo, na mwenye fedha zaidi aliweza kuyachukua.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ndiyo maana wengi wanaijua kama DDC Mlimani Park. Miaka miwili baadaye, 1985, mfanyabiashara Hugo Kisima aliunda upya bendi yake ya Safari Sound, akawavuta wanamuziki kadhaa wa Sikinde, Gurumo na Balthazar wakiwemo. Mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Bendi iliyoundwa kwa kuchukua watu wa wenzake sasa ilichukuliwa wake.

Wengi walidhani Sikinde imekwisha. Haikufa. Enoch alibaki, nafasi zikajazwa, na jina likaendelea kujaza kumbi. Safari Sound ndiyo iliyokuja kusambaratika, na Gurumo akarudi Msondo alikokuwa zamani. Alifariki dunia Aprili 2014.

Kwa hiyo ukibishana na jirani kuhusu wimbo wenye sauti yake, ulizeni kwanza ulirekodiwa lini. Kabla ya 1978 ni Nuta. Kuanzia hapo hadi 1985, ni Sikinde. Baada ya hapo ni Ndekule, mpaka aliporudi nyumbani Msondo. Nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na ndizo tunazopiga hadi leo.