Kolo si Magofu

Habari za michoro ya miambani ya Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, husimuliwa mara nyingi kama za magofu ya Wamaya katika misitu ya Amerika ya Kati: watu walichora, wakatoweka, wakaacha fumbo. Masimulizi hayo yanavutia watalii, lakini miamba yenyewe inayakanusha. Twiga na watu wembamba wenye vichwa vikubwa walichorwa kwa rangi nyekundu na wawindaji. Juu yao, mahali pengine, yamepakwa maumbo manene meupe ya wakulima waliofuata. Waliokuja baadaye hawakupakimbia mahali hapo, walipaendeleza. Katika karne ya 20 mtafiti Eric ten Raa alikuta uchoraji ungali hai katika kumbukumbu za Wasandawe. Na hadi leo Warangi hupanda hadi Mungomi wa Kolo, mojawapo ya sehemu zenye michoro hiyo, kufanya matambiko ya kuomba mvua na tiba.

Wahifadhi watauliza: je, pombe inayonyunyizwa mwambani wakati wa matambiko hayo haiharibu rangi? Huenda inaharibu, na si jambo la kupuuza. Ila waliochimba mashimo wakisaka hazina inayosemekana kufichwa hapo na Wajerumani wamevuruga tabaka za udongo ambazo hakuna fundi wa kuzirudisha. Tena UNESCO, ilipoiorodhesha Kondoa mwaka 2006, ilizingatia pia mila hizo hizo. Kumfungia mzee wa tambiko nje ni kufuta sehemu ya sababu ya kupalinda. Afadhali wazee na walinzi wakubaliane pombe imwagwe wapi, mbali na michoro.