Mwanga watumika kuangamiza viini sugu

Bakteria sugu kwa dawa zilisababisha moja kwa moja vifo vya takriban watu milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019. Miongoni mwa silaha za kukabiliana nazo ni kemikali zinazochochewa na mwanga.

Asili ya mbinu hii ni Munich, Ujerumani, ambako mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, aligundua kuwa rangi ya akridini iliua vijidudu vya majini ilipomulikwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1900.

Kemikali hupakwa mahali penye maambukizi, kisha humulikwa. Nishati ya mwanga huigeuza oksijeni iliyo karibu kuwa kali, ikaharibu utando, protini na chembechembe za urithi za kiini. Kwa kuwa sehemu nyingi hushambuliwa kwa pamoja, ni vigumu kiini kujenga usugu.

Mjini Vancouver, Kanada, hospitali moja ilianza mwaka wa 2011 kuwapaka wagonjwa methilini bluu puani na kuimulika kwa mwanga mwekundu kabla ya upasuaji, ili kuzuia maambukizi ya vidonda.

Hata hivyo, mwanga hupenya mwilini milimita chache tu. Mbinu hii yafaa ngozi, vidonda na kinywa. Maambukizi ya damu yangali yanategemea viuavijasumu.