Asili na Mtawanyiko wa Ukoo wa O'Brien

Katika majina ya koo yaliyoenea Ayalandi na ng'ambo ya bahari, ni machache ambayo asili yake yajulikana kwa yakini kama jina la O'Brien, kwani babu waliyejinasibia wenye jina hilo alikuwa mfalme, na siku aliyouawa imehifadhiwa katika tarehe za nchi ile: Ijumaa Kuu, 23 Aprili, mwaka 1014.

Mfalme huyo ni Brian Boru, wa kabila la Dál gCais, watu waliokaa kandokando ya mto Shannon, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Clare na Limerick. Hawakuwa watu wa jaha kubwa hapo kwanza. Walakini kaka yake, Mathgamain, aliitamalaki Cashel, makao ya wafalme wa Munster, na alipouawa mwaka 976, Brian alirithi ufalme pamoja na uadui wake, akapigana miaka mingi na wafalme wa majimbo mengine na Waviking wa bandarini, hata ilipofika mwaka 1002 akakiriwa kuwa mfalme mkuu wa Ayalandi. Mwaka 1005 alizuru kanisa la Armagh, akaweka juu ya madhabahu wakia 20 za dhahabu, na katibu wake, Máel Suthain, akaandika kwa Kilatini katika kitabu kitukufu cha kanisa hilo, mbele ya macho ya bwana wake, kwamba Brian ni kaizari wa Waayalandi. Na maandishi hayo yangalipo hata leo katika maktaba ya Chuo cha Trinity, Dublin. Miaka tisa baadaye jeshi lake lilishinda huko Clontarf, ila yeye mwenyewe, akiwa mzee asiyeingia tena vitani, aliuawa siku iyo hiyo ya ushindi.

Zamani zile Waayalandi walitajwa kwa majina ya baba zao, kama sisi wa pwani tusemavyo fulani bin fulani, na kila kizazi kilikuwa na jina lake. Bali katika karne ya 10 na ya 11 koo kubwa zilianza kushika jina moja la jadi lisilobadilika. Dhuria wa Brian wakajiita Ua Briain, yaani mjukuu wa Brian, na ile ua ndiyo iliyobaki katika herufi O. Jina likawa hoja ya mamlaka, na aliyelitumia kwa fahari kuu ni kitukuu wake, Muirchertach, ambaye mwaka 1101 aliitoa Cashel kuwa mali ya Kanisa.

Ajabu ni kwamba wa kwanza kuliweka kando walikuwa wakubwa wenyewe. Mwaka 1543 Murrough O'Brien, mkuu wa ukoo, alikwenda Greenwich kumsalimishia Mfalme Henry VIII ardhi yake, akarudishiwa ardhi ile ile kwa fadhila ya mfalme pamoja na cheo cha Earl wa Thomond, kwa sharti kwamba aache kuitwa O'Brien kwa maana ya mtawala, na ashike lugha, mavazi na desturi za Kiingereza. Wengine wa ukoo huo walichagua njia nyingine: Charles O'Brien, Viscount wa Clare, alikuwa amiri wa askari wa Kiayalandi walioitumikia Ufaransa katika vita vya Fontenoy mwaka 1745, akapandishwa hata akawa Marshal wa dola hiyo. Nyumbani, chini ya sheria zilizowabana Wakatoliki, raia wengi waliiacha ile O, wakaandikwa Brien au Bryan tu, hata mwisho wa karne ya 19, fahari ya utaifa ilipohuika, wakairejesha.

Lililolipeleka jina hili duniani kote, hata hivyo, ni baa la njaa lililoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani. Wilaya ya Clare, iliyokuwa na watu takriban 286,000 mwaka 1841, ilibaki na 212,000 miaka 10 baadaye. Wengi katika waliosalimika wakapanda marikebu kwenda Liverpool, New York, Boston na Australia. Katika siku hizo za dhiki, William Smith O'Brien, mbunge na mwana wa kasri la Dromoland, aliongoza uasi mdogo huko Ballingarry mwaka 1848, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa akahamishwa hadi Tasmania.

Mwaka 1894 Robert Matheson alipochapisha hesabu ya majina ya Ayalandi, O'Brien lilikuwa la sita kwa wingi, nyuma ya Murphy, Kelly, Sullivan, Walsh na Smith. Aghalabu wanaotafuta nasaba yao hukimbilia kwa mfalme wa Clontarf, nami siwalaumu, maana ni babu wa kujivunia. Lakini nawasihi wafungue kwanza daftari za ubatizo za parokia za Clare na Limerick, wawatafute wakulima na vibarua waliolishika jina hili pasipo ardhi wala cheo, kwani hao ndio waliolifikisha kwao.