Visi ya mashini ya kusagia na kauchu ya Yangambi

Ndugu mliokimbia fujo za Lubunga tangu 2023: anayekimbia akiwa na mashini ya mkono ya kusagia karanga amebeba chakula na kazi pia. Kinachopotea njiani ni kitu kidogo, ile visi ya chini yenye masikio mawili inayobana mashini kwenye meza. Bila hiyo, ukizungusha mkono, mashini nzima inakufuata.

Dawa iko kwa fundi wa kinga. Mwombeni mpira wa ndani uliochakaa, mkate ukanda wa upana wa vidole viwili. Pale visi ilipokuwa, chini ya meza, pigilieni kabari ya mti mkavu (mti mbichi ukikauka unasinyaa, na kabari inalegea). Kisha vuteni ukanda kwa nguvu, mzungushe shingo ya mashini na ubao wa meza, mara nane au kumi, ncha iingie chini ya mzunguko wa mwisho. Fundo halifanyi kazi kubwa. Kinachobana ni kule kuvutwa, na kila mzunguko unaongeza.

Ukanda huo una historia nzito kwetu. Dunlop alitengeneza tairi ya upepo mwaka 1888, kinga zikajaa Ulaya, na kauchu ikawa mali. Katika Kongo ya Leopold II, wazee wetu walipelekwa msituni kugema mitambaa, wake zao wakishikwa rehani, fimbo ya chikoti ikiwa mgongoni. Utawala huo uliisha 1908.

Mwaka 1933 Wabelgiji wakaanzisha INEAC, yenye makao yake makubwa hapa Yangambi. Tangu 1970 tunaiita INERA. Walichunguza kahawa, mawese na hevea, mti wa kauchu kutoka Brazili. Lakini Japani ilipoteka mashamba ya Asia mwaka 1942, elimu hiyo yote haikuwaokoa wanakijiji: kazi ya lazima ilipandishwa hadi siku 120 kwa mwaka, na watu wakarudi kwenye mitambaa. Hilo halisemwi sana tukisifu majengo ya INEAC.

Kauchu ilikwenda bure, ikarudi dukani kwa bei, ndani ya matairi ya toleka za Kisangani. Kipande kilichochakaa tusikitupe.

Jioni fungueni ukanda, mwuoshe kwa sabuni, mwuanike kivulini. Mafuta ya karanga na ya mawese yanaulegeza, na jua linaupasua.