Mbaruk na Mpaka wa Mjerumani

Ukilitafuta kaburi la Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui hapa Mombasa, hulipati. Baba yake ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui katika Ngome Yesu, na jamaa zake wengi wamelala kisiwani humu. Yeye alifia Dar es Salaam mwaka 1910, chini ya bendera ya Mjerumani. Miaka yote niliyosomesha historia, wanafunzi walinibana kwa swali lile lile: Waingereza walimwinda mwituni kwa miezi, akavuka mpaka akaangukia mikononi mwa Wazungu wenzao, mbona hakufungwa kamba akarudishwa?

Ni swali zuri, na jibu lake laanzia mwaka 1837. Mwaka huo Sayyid Said aliwapokonya Wamazrui Mombasa, akawakamata wakubwa wao na kuwasafirisha mbali. Waliosalia wakagawanyika: wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gasi upande wa kusini. Mbaruk alikulia katika hasara hiyo. Akiwa mtu mzima pale Gasi aliwasumbua masultani wa Unguja mara kwa mara, na kila alipoelemewa alikimbilia Mweli, kijiji chake cha vilimani kilichozungushiwa boma la magogo na msitu mnene. Nyumba yake ya Gasi ingalipo. Siku hizi wageni huenda Gasi kutazama mikoko. Mimi huwaomba wapite na hapo.

Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyoshika pwani wakati huo ikamsimamisha mwanawe, Rashid, ikamruka mtu aliyeona ni haki yake kwa umri na kwa ada ya ukoo. Huyo naye aliitwa Mbaruk bin Rashid, jina moja na mzee wa Gasi, jambo linalowachanganya wengi hadi leo. Akaasi, akashindwa, akakimbilia Gasi. Waingereza wakamtaka mzee amtoe. Mtu wa pwani aliyeombwa amtoe nduguye aliyeingia nyumbani mwake kwa hifadhi, angejibu nini? Julai 1 serikali ya Uingereza ikachukua pwani kutoka kwa Kampuni, na mwezi uliofuata Admirali Rawson akapanda na jeshi hadi Mweli, akaiteketeza.

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza, maana Mbaruk hakuwa na boma tena la kulinda. Watu wake wakawa vikundi vidogo vidogo katika vichaka vya Udigo na Uduruma: wanapiga, wanapotea. Mombasa ikakosa usingizi. Ngome Yesu ilikuwa imegeuzwa jela mwaka huo huo, na reli ya kwenda bara ilikuwa karibu kuanza. Reli haijengwi huku misafara inavamiwa nyuma ya kisiwa. Arthur Hardinge, mkuu wa serikali mpya, akaomba askari kutoka Bara Hindi, nao wakashuka Mombasa Machi 1896. Wakawasukuma wapiganaji kusini, na Aprili Mbaruk, mzee wa umri wa babu, akavuka mpaka na watu zaidi ya elfu moja, wake kwa watoto, akaweka silaha chini mbele ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann.

Wissmann! Hilo jina halikuwa geni kwa mtu yeyote wa pwani. Huyo ndiye aliyemnyonga mwasi Abushiri bin Salim pale Pangani, Desemba 1889. Na katika vita vile vya Abushiri, Mwingereza na Mjerumani walikuwa kitu kimoja: manowari zao zilifunga bahari kwa pamoja kuanzia mwisho wa 1888, zikasaka majahazi kwa hoja ya kuzuia watumwa na bunduki. Kwa hiyo ushirikiano wa kuwakomesha waasi ulikwisha zoeleka. Lakini Wissmann huyo huyo alimpa amani Bwana Heri wa Saadani, mwasi mwenzake Abushiri, alipojisalimisha mwaka 1890. Naamini Mbaruk aliyajua yote mawili, akapima.

Akapima sawasawa. Wajerumani waliwanyang'anya silaha wale watu, na Mbaruk akaishi Dar es Salaam maisha yake yote yaliyosalia. Sisemi walimhurumia. Mpaka ule waliuchora wenyewe na Waingereza mwaka 1886 bila kumuuliza Mdigo wala Msegeju wa Vanga, na Mbaruk asiye na bunduki, tena mbali na Gasi, hakumdhuru Mjerumani wala Mwingereza. Mwingereza alipata pwani tulivu. Mwezi mmoja tu baadaye, Mei 30, reli ya kwanza ikatandikwa Mombasa.

Mwaka haukuisha bila kisa cha pili, na hiki sheria yake iko wazi zaidi. Agosti 27 Waingereza waliipiga mizinga kasri ya Unguja, vita visivyofika saa moja, na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia usultani, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Mlangoni walisimama askari wa Kiingereza wakimngoja atie mguu nje. Walipodai atolewe, balozi akakataa: mkataba wa kurudishana wahalifu baina ya nchi hizo mbili haukuwagusa watu wa makosa ya siasa. Zaidi ya mwezi ukapita. Oktoba 2 manowari Seeadler ikatia nanga, maji yakajaa, mashua yake ikafika hadi lango la bustani la ubalozi. Khalid akatoka bustanini akaingia mashuani bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata katika Vita Kuu ya Kwanza, walipoiteka nchi yenyewe ya Mjerumani, wakampeleka Ushelisheli na St Helena. Mwisho akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia hapa Mombasa mwaka 1927.

Siwezi kusomesha visa hivi bila kutaja mwaka 2010. Julai mabomu yaliua zaidi ya watu 70 Kampala, na aliyefanya unyama ule alistahili mkono wa sheria. Lakini Wakenya walikamatwa humu nchini wakavushwa Uganda bila kufikishwa kwa hakimu, ilhali tunayo sheria, Sura ya 76, inayotaka hati ya kukamata kutoka nchi jirani ipite kwanza mbele ya hakimu wetu. Jamaa wa mmoja wao walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, na mwezi Septemba jaji akaamua kwamba kumvusha vile kulikuwa kinyume cha sheria. Uamuzi ukatoka, mtu yuko ng'ambo tayari.

Wengi huniambia nisilinganishe, kwamba Khalid alikuwa mwana wa mfalme na hawa ni washukiwa wa mauaji. Tofauti hiyo naiona. Kazi ya hakimu ni kuitazama tofauti hiyo hiyo kabla gari halijafika mpakani Malaba: nani anadaiwa, kwa kosa gani, kwa ushahidi upi. Dakika hizo za kuuliza hata wakoloni wawili wenye mizinga walizitoa kwa mtu aliyejificha nyuma ya lango la bustani, na mama wa Kibokoni au wa Majengo ana haki ya kuzidai kwa ajili ya mwanawe.