Farasi wa Sena na Safari ya Kitulo



Vijana wa Makandana, mjini Tukuyu, wameleta swali ambalo baba zao hawakupata kuliuliza. Wanataka kutafuta farasi wachache, wawapeleke katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, na wawapandishe wageni katika njia za juu ya uwanda ule, ili wapate chumo la halali. Wameuliza: safari kama hii yataka nini? Wengi wangewajibu kwa hesabu ya fedha. Sisi tunaona kuwa jawabu la kwanza limo katika tarehe. Farasi si mgeni wa jana katika Afrika ya Mashariki, na habari zake, kwa sehemu kubwa, ni habari za makaburi.

Al-Mas'udi, mwanachuoni wa Baghdad aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kuwa watu wa Zanj hawakuwa na farasi, wala nyumbu, wala ngamia. Walipanda ng'ombe, na juu ya ng'ombe wakapigana vita. Msomaji aweza kudhani kuwa huo ulikuwa umaskini au ujinga. Sivyo. Vyombo vilikwenda na kurudi Arabuni kila msimu, na huko farasi walikuwa bidhaa kubwa. Ibn Battuta katika karne ya 14 alitaja kuwa kutoka Dhofar farasi wa asili njema hupelekwa India. Lau farasi angeweza kuishi katika bara letu, wazee wetu wasingeshindwa kumleta. Walijua kuwa nchi haimtaki, ijapokuwa hawakujua kwa nini. Wakatulia na ng'ombe na punda.

Aliyekuja asiulize ni Mreno. Mwaka 1569 Francisco Barreto alitumwa kutoka Lisbon kwenda kuyatwaa machimbo ya dhahabu ya nchi ya Mutapa. Alipanda mto Zambezi na askari wake na farasi wake, akafika Sena mwishoni mwa mwaka 1571. Pale Sena palikuwa na Waislamu, wafanya biashara waliofungamana na watu wa mwambao wetu, ambao walikuwa wakiishi na wenyeji kabla Mreno hajaijua njia ya mto ule. Haukupita muda farasi wakaanza kudhoofu na kufa, na askari nao vilevile.

Hapo Barreto na watu wake walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuwauliza wenyeji wa nchi: mnyama huyu ana nini, na mbona ninyi hamfugi? Au wangeweza kutafuta wa kumtwika lawama. Walichagua ya pili. Walisema farasi wamelishwa sumu, na waliowalisha ni Waislamu. Wakawashika watu wale, wakawaua kwa mateso ambayo padri wao mwenyewe, Monclaro, aliyekuwamo katika safari ile, aliyaeleza katika maandishi yake. Je, vifo vilikoma? Havikukoma. Farasi waliendelea kufa, askari waliendelea kuzikwa, na Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573 bila kuyapata machimbo aliyoyafuata.

Basi mizani ya kisa hiki ni hii: mtu alipanga safari ya mamia ya maili, akahesabu bunduki na baruti na chakula cha watu, lakini hakumhesabu mnyama wa kumpanda. Mnyama alipokufa, aliyelipa ni jirani asiye na kosa.

Miaka ilipita, na farasi akazidi kuja. Unguja mjini aliishi vizuri. Mwaka 1840 merikebu Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilifika New York, na miongoni mwa zawadi za Seyyid Said kwa Rais Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Farasi hao walivuka bahari hadi Marekani. Lakini wenzao waliovuka mkono mdogo wa bahari kutoka Unguja kwenda Bagamoyo, kisha wakaingia bara, hawakufika mbali. Mwaka 1871 Stanley, alipokwenda kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo na farasi wawili. Mmoja alikuwa zawadi ya Seyyid Barghash. Walipofika kijiji cha Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, farasi wa Seyyid akafa, na wa pili akamfuata kabla ya siku kupita.

Stanley alimzika farasi wa kwanza karibu na kambi. Jumbe wa Kingaru akaja akadai faini ya nguo, kwa kuwa mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ya idhini. Stanley akamjibu kuwa atamfukua farasi na kumwacha pale juu, kama alivyokufia. Jumbe akaona bora alale alipolala. Watu husoma kisa hiki wakacheka. Lakini neno la Jumbe halikuwa la kuchekwa. Mgeni alikuwa ameichimba nchi ya watu bila ya kubisha hodi.

Sababu ya mauti yale ilichelewa kujulikana. Mwaka 1895 daktari wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kuwa maradhi ya nagana yanatokana na kijidudu kiingiacho katika damu ya mnyama kwa kuumwa na mbung'o. Farasi ana maradhi mengine makubwa ya bara hili, yaitwayo ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambayo huua wengi wa wanaoyapata, pengine ndani ya siku chache. Mwaka 1900 ilijulikana kuwa haya huletwa na virusi, na mwaka 1944 mtafiti du Toit wa Afrika ya Kusini alithibitisha kuwa visubi, wale wadudu wadogo wa magharibi na usiku, ndio wanaovichukua. Wanahistoria wa leo wanapokitazama kisa cha Sena hawaoni sumu. Wanaona maradhi ya nchi, ya wanyama na ya watu. Damu ya wale Waislamu wa Sena ilingoja zaidi ya miaka 300 kupata ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ulikuja kwa darubini.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Je, azma yao ni ndoto? Hapana. Mbung'o hapendi baridi, na kwa kawaida hana makazi katika nchi iliyoinuka kupita mita 1,800. Tukuyu yenyewe iko kiasi cha mita 1,600, na uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Ng'ambo ya mpaka, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyika nchini Malawi, ambayo nayo ni uwanda wa juu wenye majani na baridi, wageni walipata kupanda farasi kwa miaka mingi wakiwafuata pofu na pundamilia. Kwa hiyo jambo laweza kuwa. Lakini lataka mpango, na mpango wenyewe uanze kwa yule asiyeweza kusema.

Kwanza, njia ya kumleta. Farasi aliyenunuliwa Arusha akipitishwa Morogoro na Mikumi, amepitishwa katika nchi ya mbung'o. Njia ya Dodoma na Iringa humwepusha na Mikumi. Daktari wa mifugo amwone kabla ya kupakiwa na baada ya kushushwa, na aulizwe habari ya chanjo. Huko juu visubi hupungua kwa baridi, lakini haifai kujidanganya kuwa hawapo: farasi awe bandani kabla ya jua kuchwa, asitolewe mpaka jua limepanda.

Pili, haki ya mnyama. Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, aliziandika haki za mnyama juu ya mwanadamu: alishwe hata akizeeka au akiugua na asiwe na faida tena, na asitwikwe asichoweza. Hii si fadhila, ni deni. Wajuzi wa farasi wana kipimo chao: mtu na seruji pamoja wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450, basi, asichukue zaidi ya kilo 90. Mgeni mnene mwenye fedha nyingi aambiwe kwa adabu kuwa atembee kwa miguu. Na kabla ya kumhesabu mgeni wa kwanza, ihesabiwe gharama ya farasi kwa ile miezi asiyopandwa. Maana tumbo lake halijui msimu wa wageni, na maji peke yake hunywa lita 30 na zaidi kwa siku.

Tatu, haki ya mahali. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, yenye eneo la kilomita za mraba 413 hivi, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Sababu moja ya kuihifadhi ni kuwa viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chikanda. Maua huchanua tangu Novemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Hapo pana mtihani: mgeni hutaka kuja wakati wa maua, na wakati huo ndipo ukwato huzama, hupasua nyasi na kuifanya njia kuwa mfereji. Miezi ya kiangazi ardhi ni kavu, lakini Juni hadi Agosti usiku huwa na umande wa barafu, na farasi ataka blanketi na banda lisilopitisha upepo. Anayepanga kwa haki ataacha baadhi ya fedha za msimu wa maua zimpite.

Nne, idhini. Hifadhi iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Hakuna mwenye ruhusa ya kuingiza mnyama wa kufugwa humo kwa sababu tu ana fedha ya kiingilio. Waombe kibali kwa maandishi, wakubali njia watakayoonyeshwa, na wakikataliwa warudi kwa heshima. Ziko njia za vijijini nje ya hifadhi, kwa idhini ya serikali za vijiji na ya wenye mashamba. Mkumbuke Jumbe wa Kingaru.

La tano ndilo zito kuliko yote. Hata kwa uangalifu wote, iko siku farasi mmoja atakufa. Atakutwa asubuhi amelala, povu puani, na jana alikuwa mzima. Siku hiyo maneno yataanza: fulani alipita bandani, fulani ana husuda, mzee fulani anajua mambo. Ndipo Sena itakapozaliwa upya katika mtaa wa watu waungwana. Basi jambo hili lipangwe mapema, kama vile majani na maji yanavyopangwa. Kila farasi awe na daftari lake: alipotoka, chanjo yake, alichokula, saa aliyoingia bandani. Anayekufa achukuliwe damu na kupimwa kabla ya mtu yeyote kutajwa jina. Na saisi, ambaye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote katika kazi hii, asifukuzwe wala asikatwe mshahara kwa dhana.

Sisi wa pwani yatuhusu vilevile, hata kama farasi hatuna. Punda wa Lamu hubeba mchanga na mawe katika vichochoro visivyopitika gari, na ni tangu mwaka 1987 tu ndipo walipopata zahanati yao. Gari letu likiharibika, kuku wakifa, duka likikosa wateja, ulimi wetu hukimbilia kwa jirani upesi kuliko mguu ukimbiliavyo kwa mjuzi. Waislamu wa Sena waliuawa na watu waliokuwa na hakika, na hakika ile haikuwa na elimu ndani yake.

Kwa hiyo jawabu letu kwa vijana wa Makandana ni hili: nendeni mkaanze, lakini msinunue farasi kwanza. Nunueni daftari; mkamwone daktari wa mifugo, kisha wenye hifadhi, kisha wazee wanaoijua mvua ya Rungwe. Farasi awe wa mwisho kufika, akute kila kitu kinamngoja.

Wallahu aalam.